Spika ni mtu wa nani? Jibu kwa msomaji wa Likoni

*Swali:* Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni msichana wa Likoni, nimemaliza chuo mwaka jana na bado natafuta kazi. Majuzi nilikuwa natazama kwenye simu kikao cha bunge moja la kaunti, si la kwetu Mombasa. Mwakilishi wadi mmoja alikuwa anazungumzia soko, mara kipaza sauti kikazimwa sentensi yake haijafika mwisho. Baadaye ikapigwa kura ya sauti. Mimi nilisikia "la" nyingi, Spika akasema "ndio" wameshinda. Nilikasirika sana. Ami yangu akacheka, akasema Spika ni mtu wa gavana na hayo ya kutopendelea ni maneno ya vitabuni. Mimi nikamwambia kuna kiapo na kuna Katiba. Tumewekeana ahadi: atakayeshindwa atawanunulia kahawa na kashata watu wote wa maskani. Je, ni kweli Spika hatakiwi kuwa na upande? Ana kura? Na sisi raia tutajuaje kwamba amependelea?

*Jibu:* Waleikum salaam, binti yangu. Umeuliza matatu, na jepesi ni lile la katikati, basi nilimalize kwanza. Spika wa Kenya hana kura. Kifungu cha 122 cha Katiba kinasema hivyo juu ya Bunge la Taifa na Seneti, na mabunge ya kaunti yanakwenda kwa utaratibu huohuo. Kura zikilingana, hoja imeanguka, hakuna kumgeukia Spika avunje sare. Waingereza, ambao kwao tulirithi joho na mengine mengi, wamemwachia Spika wao kura ya sare, kisha wakamfunga kwa desturi: tangu enzi za Spika Denison, katika karne ya 19, akilazimika kupiga kura huipiga mahali pa kuacha mambo yalivyo, ili badiliko lisije kwa kura ya mtu asiyetakiwa kuwa na upande. Aprili 2019, katikati ya vurugu za Brexit, kura zilifika 310 kwa 310, na Spika John Bercow akaipeleka ya kwake kwenye "la" kwa sababu hiyo. Sisi Katiba ya 2010 imemwondolea Spika wetu mtihani huo kabisa.

Sasa nikwambie nilipokaa, ujue nasema kwa jicho gani. Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa mezani katika bunge moja ambalo silitaji. Meza hiyo iko chini ya kiti cha Spika, mbele yake. Kazi yangu ilikuwa kumnong'oneza kanuni, na kazi yake ilikuwa kunisikiliza au kunipuuza. Ukikaa pale uso wa Spika huuoni, umempa mgongo. Ukigeuka kumpa karatasi unachokiona ni mikono yake: kalamu inazunguka kwenye jina la nani, karatasi ipi inawekwa juu na ipi inaingizwa chini ya nyingine. Mengi ninayoyajua juu ya upendeleo nimejifunza kwa kutazama mikono ya watu.

Tuanze na jinsi anavyokipata kiti. Kifungu cha 178 kinataka Spika wa bunge la kaunti achaguliwe na wawakilishi, lakini yeye mwenyewe asiwe mmoja wao. Kaunti yetu ina wadi 30, kuanzia Mvita hadi Jomvu, na hakuna hata mmoja katika waliochaguliwa kwenye wadi hizo anayeweza kuketi kwenye kiti kile huku akibaki na wadi yake. Hata Spika wa Bunge la Taifa na wa Seneti ni hivyohivyo, kwa Kifungu cha 106. Nia ilikuwa njema: tumpate mtu asiye na wapiga kura wa Bamburi au Mtongwe wanaomgongea mlango asubuhi kudai barabara, asiye na uchaguzi wa wadi wa kuhofia. Naibu wa Spika wa Bunge la Taifa hutoka miongoni mwa wabunge, na ndiyo maana akikalia kiti hana budi kuvua koti moja na kuvaa jingine, jambo ambalo si wote wanaliweza.

Kwenye karatasi, basi, Spika ni mtu asiyedaiwa. Na hapo ndipo ami yako anapopata kicheko chake. Anachaguliwa na nani? Na hao hao wawakilishi, kwa kura zao, na chama chenye wengi huwa kimeshakubaliana jina kabla ya siku yenyewe. Anaondolewa na nani? Na hao hao, wakifikisha wingi mkubwa unaotakiwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Watu hupenda kumfananisha Spika na refa. Mimi mfano huo siupendi, maana sijaona refa anayechaguliwa na timu moja kati ya mbili zinazocheza, tena timu hiyohiyo ikawa na uwezo wa kumtoa uwanjani mapumziko yakifika. Wa kumfukuza Spika ni walewale anaowazimia vipaza sauti.

Kisha kuna jambo ambalo kwenye simu hulioni. Spika ndiye mwenyekiti wa bodi ya huduma za bunge la kaunti, ile inayoajiri watumishi na kupanga matumizi ya bunge. Asubuhi amekaa na wawakilishi kwenye mambo ya ofisi, magari na semina, alasiri amewakalia juu akiwaamulia nani aseme na nani anyamaze. Sijasema kwamba hilo linamfanya mla rushwa. Nasema deni linaingia kwa milango mingi, na mlango wa gavana ambao ami yako ameushikilia ni mmoja tu, wala si mkubwa kuliko yote. Nimemwona Spika aliyekuwa hamwogopi gavana hata kidogo, lakini akiwatetemekea wawakilishi kumi wa chama chake mwenyewe.

Lakini kiapo nacho kipo, hapo umesema kweli. Kiko kwenye Jedwali la Tatu la Katiba, na Maspika wa Bunge la Taifa na Seneti huapa kuwatendea haki watu wa kila namna bila woga wala upendeleo, bila mapenzi wala chuki. Ukikisoma polepole utaona kwamba hakimtaki asiwe na mapenzi. Kinamtaka asitende kwa mapenzi. Binadamu hawezi kuapa kwamba hana moyo. Kwa hiyo mtu akiniambia "Spika fulani ni mtu wa chama fulani," mimi hujibu: sawa, kisha alitenda nini?

Nikupe mifano ya wenye majina, maana hii iko kwenye kumbukumbu za nchi.

Oktoba 1975, Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisimama Bungeni akasema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Wenzake wakaruka: athibitishe! Kanuni inasema hivyo, anayetoa madai atakiwe kuyathibitisha. Kwenye kiti siku ile alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney wa Tinderet. Akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi waliingia katika eneo la Bunge wakawakamata wote wawili, wakawekwa kizuizini bila kesi, wakatoka 1978 baada ya Kenyatta kufa na Moi kushika nchi. Kila ninapofundisha kisa hiki darasa humshangilia Seroney, nami hushangilia pamoja nao, kisha nawauliza swali linalowaharibia sherehe: je, hakupendelea? Kanuni ilimtaka Shikuku alete ushahidi. Seroney alimwondolea mzigo huo kwa sababu yeye mwenyewe aliamini maneno yale. Angesema maneno kama hayo mtetezi wa serikali, kiti kingemwambia ni mambo yaliyo wazi? Sijui jibu la swali hilo, na nimelibeba miaka mingi. Ninachokijua ni kwamba yale yaliyowapata baadaye yalimthibitishia Shikuku maneno yake kuliko ushahidi wowote ambao angeuleta.

Kinyume chake kwa namna fulani ni Kenneth Marende. Januari 2008 nchi ilikuwa inawaka moto baada ya uchaguzi, na uspika ulikuwa vita ya kwanza Bungeni. Marende alikuwa mtu wa ODM, chama cha Raila, akamshinda Francis ole Kaparo raundi ya tatu kwa kura 105 kwa 101. Kwa hesabu ya ami yako mtu huyu alikuwa amekwisha nunuliwa. Mwaka uliofuata serikali ya muungano ikaleta mgogoro wake juu ya meza: Rais Kibaki alimtaja Kalonzo Musyoka kuwa kiongozi wa shughuli za serikali Bungeni, na Waziri Mkuu Raila Odinga akajitaja mwenyewe. Barua mbili, cheo kimoja. Aprili 2009 watu walijazana kusikiliza uamuzi, redio zikawa zimefunguliwa mpaka ndani ya matatu. Marende alisoma kwa muda mrefu, akasema si kazi ya Spika kuwachagulia wakuu wawili mtu wao, warudi wakaelewane, na mpaka hapo yeye mwenyewe ataiongoza kamati ya kupanga shughuli za Bunge. ODM hawakupata walichokitaka, PNU ya Kibaki vilevile. Wengi walimwita Suleimani. Mimi nusu ya uamuzi ule naiona haki na nusu ujanja, maana baada ya wawili kugombania kijiti, kijiti kilibaki mkononi mwa mwamuzi. Hata hivyo, alitoa sababu zake, akazisoma mbele ya watu wote, na mtu yeyote aliweza kuzichukua akazipinga moja baada ya nyingine. Hilo ni kubwa kuliko unavyodhani.

Jirani zetu wa Tanzania wana mifano yao. Spika Samuel Sitta aliahidi bunge la kasi na viwango, na ni chini yake, mwaka 2008, ambapo kamati ya Bunge ilichunguza mkataba wa umeme wa Richmond na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, wote wakiwa wa chama tawala, CCM. Ulipofika uchaguzi wa Spika mwaka 2010 chama chake kiliamua kwamba zamu hii wagombea wawe wanawake, na Sitta hakurudi kitini. Spika Job Ndugai naye, mwisho wa 2021, alikosoa hadharani jinsi nchi inavyokopa. Rais akamjibu hadharani, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Angalia barua yake ilikokwenda: aliiandika kwa Katibu Mkuu wa CCM, Katibu wa Bunge akapelekewa nakala. Kwa Kenya, Katiba inasema Spika anayejiuzulu huliandikia Bunge lenyewe. Anwani ya bahasha inaweza kukueleza mtu anajiona ameajiriwa na nani.

Lakini tusiwacheke majirani, kwetu kuna la Moses Wetang'ula. Alichaguliwa Spika Septemba 2022 huku akiwa kiongozi wa Ford Kenya, chama kilichokuwa ndani ya muungano wa Kenya Kwanza, na mwezi uliofuata akaamua kwamba Kenya Kwanza ndio walio wengi Bungeni, ingawa wapinzani wao wa muungano wa Azimio walikuwa na sababu zao za kudai cheo hicho. Tarehe 7 Februari 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema uamuzi ule ulivunja Katiba, na kwamba mtu hawezi kuwa Spika na kiongozi wa chama kwa wakati mmoja. Siku chache baadaye Spika alisoma uamuzi mpya, hesabu ikatoka 165 kwa 154, Kenya Kwanza wakabaki palepale. Wakili atakuambia mengi juu ya mambo hayo na juu ya rufaa. Mimi nachukua moja tu: hata kama hesabu ingekuwa sahihi kabisa, mkono ulioiandika ulikuwa wa mtu mwenye kadi ya upande mmoja. Wahenga walikwisha sema juu ya kesi ya ngedere na kumpelekea nyani.

Turudi kwenye simu yako.

Kipaza sauti kwanza. Mjadala ukiwekewa muda, kila mwakilishi ana dakika zake, na zikiisha sauti hukatwa, hata akiwa anamtaja Mola. Huo si upendeleo, ni saa. Lakini kuna saa na saa. Nimekaa na Spika ambaye mtu wa upande wake akimaliza muda alimwambia kwa upole, "Malizia, mheshimiwa," na hilo "malizia" likala dakika mbili nzima. Wa upande wa pili alizimwa dakika yenyewe ilipogonga. Kwenye kumbukumbu za kikao wote wawili wameandikwa kwamba walizungumza, basi, huwezi kuona tofauti. Ilikuwa mpaka uwe na saa yako mkononi.

Au pengine alizimwa kwa kutoka nje ya mada, au kwa kauli isiyofaa bungeni, au kwa ile inayotumika kupita zote: "Jambo hilo liko mahakamani." Hiyo ichunguze vizuri, hasa mambo ya masoko na ardhi, maana hapa Pwani hakuna kiwanja kisichokuwa na kesi. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka anayesema jambo liko mahakamani alete ushahidi wa kesi hiyo, na hata ukiletwa Spika anaweza bado kuruhusu mjadala uendelee. Spika anayemzima mtu kwa neno "mahakamani" bila kuuliza kesi namba ngapi, iko mahakama gani, ametafuta kifuniko cha sufuria.

Kuna hata kanuni ya lugha. Ukianza kwa Kiswahili uendelee kwa Kiswahili mpaka mwisho, ukianza kwa Kiingereza vivyo hivyo. Ni kanuni nzuri. Lakini niliwahi kumwona mwakilishi anayesema Kiswahili kitamu akasitishwa mara tatu kwa sababu alisema "bajeti" na "tenda", na Spika akisisitiza atafute Kiswahili chake, mpaka dakika zake zikaisha. Dakika ishirini baadaye mwingine alichanganya lugha mbili kama urojo, hakuguswa.

Kura ya sauti sasa, hapa nikukalishe kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ya kiti. Spika anauliza: wanaoafiki waseme ndio. Kisha: wanaopinga waseme la. Hakuna mashine, ni sikio lake tu. Wewe ulisikia "la" nyingi, nami sikubishii, lakini ulisikia kupitia kipaza sauti gani? Aliyekuwa amemaliza kusema hivi punde, kipaza sauti chake kikiwa bado kimewashwa, sauti yake moja inaingia kwenye simu yako kama ya watu kumi. Hata mle ndani, upande ulio karibu na kiti husikika mkubwa kuliko ulivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikaa hatua mbili kutoka kwa Spika na mara nyingine tulisikia vitu tofauti.

Kwa sababu hiyo kanuni hazimwachii Spika neno la mwisho papo hapo. Kwanza hutangaza matokeo ya awali: "Nafikiri walio na 'ndio' wameshinda." Hilo "nafikiri" si adabu ya mazungumzo, ni mlango umeachwa wazi. Hapo wawakilishi wa idadi iliyotajwa kwenye Kanuni za Kudumu wakisimama kudai mgawanyo, Spika hana hiari: kengele italia, walioko kantini watakuja mbio na sambusa mkononi, milango itafungwa, na kura itahesabiwa kwa majina. Wasiposimama ndipo anapotangaza mara ya pili bila "nafikiri", na mambo yamekwisha. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: ulipokasirika wewe, wale waliosema "la" walisimama? Ikiwa walikaa kimya vitini, basi wamekubali kuhesabiwa kwa sikio la mtu mwingine. Lakini ikiwa Spika aliunganisha "nafikiri" na "wameshinda" kwa pumzi moja kisha akarukia ajenda inayofuata watu wakiwa ndio kwanza wanainuka, hapo umeona upendeleo kwa macho yako, na ni mbaya kuliko kipaza sauti. Nimeona ukifanywa. Hufanywa kwa sauti ya chini, huku amechungulia karatasi.

Unaniuliza raia atajuaje. Mimi nina kipimo kimoja tu: badilisha majina. Chukua uamuzi wa Spika, ondoa jina la aliyepewa weka la aliyenyimwa, kisha tafuta siku ambayo jambo kama lile lilitokea upande wa pili. Je, aliamua vilevile? Ukimtazama kikao kimoja huwezi kusema kitu. Vikao sita unaweza.

Kipimo hicho sikukipata kitabuni. Katika bunge lile nililofanya kazi, hoja huletwa kwa maandishi, mimi naipokea, napanda kwa Spika aikubali au aikatae kabla haijaingia kwenye ratiba. Spika wa kwanza niliyemtumikia, nikimwekea karatasi, alikuwa akiuliza, "Inasema nini?" Alipoondoka akaja mwingine. Huyo nikimwekea karatasi aliuliza, "Ni ya nani?" Alikuwa mcheshi, msomi, anasali, hakuwahi kunikosea mimi binafsi. Lakini baada ya miezi miwili wawakilishi wa upande wa wachache waliacha kabisa kuleta hoja za maana, na mtu akitazama ratiba angedhani hawana la kusema. Hakuna uamuzi hata mmoja mbaya ungeweza kuuonyesha. Hoja hazikukataliwa, hazikuletwa.

Jambo moja zaidi juu ya gavana, kwa vile ami yako ameligusa. Ziko nyakati ambapo Katiba yenyewe inamweka Spika mahali pagumu. Kifungu cha 182 kinasema gavana na naibu wake wakikosekana wote, Spika wa bunge la kaunti anashika ugavana mpaka uchaguzi ufanywe ndani ya siku 60. Nairobi, Desemba 2020, Gavana Mike Sonko aliondolewa na bunge la kaunti kisha na Seneti, naye hakuwa na naibu tangu Polycarp Igathe alipojiuzulu mwaka 2018. Aliyeapishwa kukaimu ni Spika, Benson Mutura. Simlaumu, alifuata sheria. Lakini fikiria mtu anaongoza kikao cha kumng'oa mwingine kwenye kiti ambacho kikiwa wazi kitakuwa chake. Hapo Spika mwenye busara angekuwa makini mara mbili: kila sekunde ya muda na kila hoja ya nidhamu ihesabiwe sawa, kwa sababu hata akitenda haki tupu watu watamhesabia vingine.

Sasa ufanye nini. Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi, vikao viwe vya hadhara, na umma na wanahabari wasizuiwe isipokuwa kwa hali ya kipekee ambayo Spika ameona ina sababu ya kutosha. Kwa hiyo panda feri, uende ukakae kwenye roshani ya wageni, badala ya kutazama kwenye simu. Uchukue daftari na saa. Andika nani alisimama, alipewa dakika ngapi, nani alinyamazishwa na kwa kanuni ipi. Ukiona Spika anatoa uamuzi bila kutaja kanuni, acha mstari mtupu mahali pa kanuni. Kisha omba kumbukumbu rasmi za kikao, zile ziitwazo Hansard, ulinganishe na daftari lako. Ukiona kitu, Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi, bungeni juu ya jambo lolote lililo katika uwezo wa bunge hilo, na Kanuni za Kudumu zenyewe ni jambo la namna hiyo. Huwezi kuomba wampindue Spika kwa sababu amekuudhi. Unaweza kuomba kwamba muda wa kila msemaji uandikwe kwenye kumbukumbu, au kwamba maamuzi ya kiti yatolewe kwa maandishi na yawekwe mahali pa kusomwa na wote. Andika kwa Kiswahili, hakuna anayekulazimisha vingine.

Mwakilishi wako mwenyewe naye asikudanganye kwamba alinyanyaswa na hakuwa na la kufanya. Uamuzi wa Spika haubishwi papo hapo kwa kelele, kweli, lakini unaweza kuletewa hoja mahususi, yenye notisi, ukajadiliwa wenyewe kama jambo jingine lolote. Wengi hawaileti. Kulalamika kwenye kamera nje ya jengo ni rahisi zaidi.

Limebaki suala la kashata. Ami yako alisema Spika ana upande, na kwa jinsi anavyochaguliwa, anavyoweza kuondolewa na bodi anayoiongoza, nampa kura. Wewe ulisema kiapo na Katiba vipo na vinamfunga, na kwa kura asiyonayo, kwa "nafikiri" anayolazimika kuitamka na kwa mahakama iliyoupindua uamuzi wa Spika wa Bunge la Taifa, nakupa kura na wewe. Kura moja kwa kura moja. Nimekwisha kukutajia Kifungu cha 122: kura zikilingana, hoja imeanguka. Aliyeileta hoja ni ami yako. Mwambie ya kwangu iwe chungu, bila sukari.